Kabla ya kupigia kura malipo ya saa, hesabu siku utakazolala nje

Mwezi uliopita rubani kijana, mzaliwa wa Tanga kama mimi, alinipigia simu kutoka Ohio akiwa na furaha isiyofichika. Chama chao cha marubani kilikuwa kimefikia makubaliano ya awali na shirika linalomwajiri, nyongeza ilikuwa nono, naye alitaka kujua kama kuna sababu yoyote ya mtu mwenye akili timamu kupiga kura ya hapana. Nilimuuliza swali moja tu: katika mkataba huo, safari ya siku nne inahesabiwaje? Akanyamaza. Ninaandika haya kwa ajili yake, na kwa ajili ya Waswahili wengine tunaoonekana mmoja mmoja katika vyumba vya marubani vya Marekani, kwa sababu nami nilipopiga kura yangu ya kwanza sikuwa na jibu la swali hilo, na ujinga huo niliulipia kwa miaka mitatu.

Nyumbani watu wengi huamini kwamba rubani hupokea mshahara wa mwezi kama mwalimu au karani. Katika mashirika ya abiria ya Marekani mambo si hivyo: rubani hulipwa kwa saa, na saa yenyewe huanza kuhesabiwa ndege inapoondoka kwenye maegesho na kukoma inaposimama kwenye maegesho mengine. Muda wa kuikagua ndege alfajiri, muda wa kusubiri mvua ya radi ipite, na saa tano za kukaa kwenye benchi la uwanja kati ya safari moja ya ndege na nyingine, vyote hivyo havina malipo kamili isipokuwa mkataba uwe umesema vinginevyo. Maneno hayo, kwamba mkataba uwe umesema vinginevyo, ndiyo yanayotenganisha mkataba mzuri na mbaya, na hayamo katika jedwali la malipo ambalo kila mtu hulikimbilia kwanza.

Nitatoa hesabu ya safari moja ambayo bado ninaikumbuka. Niliondoka kituoni, yaani uwanja ambako safari zangu zote huanzia na kuishia, asubuhi ya Jumatatu na kurejea Alhamisi mchana, jumla ya saa 76 nje ya nyumba. Katika saa hizo nilikuwa nimeruka saa 12 tu, kwa sababu ratiba ilijaa safari fupi na mapengo marefu. Kwa malipo ya dola 50 kwa saa, nilipata dola 600 kabla ya makato. Sasa chukua nyongeza ya asilimia 18 ambayo ingenifanya nishangilie: malipo yangepanda hadi dola 59 kwa saa, na safari ileile ingenipa dola 708. Lakini kama mkataba ungekuwa na kanuni iliyozoeleka katika mashirika makubwa, kwamba kila saa tatu na nusu za kuwa mbali na kituo zihesabiwe kuwa si chini ya saa moja ya malipo, saa zangu 76 zingegeuka kuwa takriban saa 21.7, yaani zaidi ya dola 1,080, bila hata senti moja kuongezwa kwenye malipo ya saa.

Na fedha si jambo kubwa zaidi katika hesabu hiyo. Ili kufikisha saa 75 za malipo kwa mwezi kwa safari za namna ile ya kwanza, ningehitaji safari sita na kipande, ambazo ni siku 25 za kuishi kwenye begi. Kwa kanuni ile ya pili, safari tatu na nusu zingetosha, siku 14 hivi. Mwajiri naye hubadilika, kwa kuwa ofisi ya ratiba ikijua kwamba mapengo yanalipiwa, huacha kupanga mapengo. Nyongeza ya malipo ya saa humpa rubani fedha. Kanuni ya ratiba humpa fedha na kumrudisha nyumbani.

Wapo watakaosema kwamba sheria inamlinda rubani dhidi ya ratiba mbaya. Inamlinda, lakini kwa kiasi. Baada ya ajali ya karibu na Buffalo ya tarehe 12 Februari 2009, iliyoua watu 50 na kuibua maswali mazito kuhusu uchovu wa marubani, Marekani iliandika upya kanuni za mapumziko, nazo zilianza kutumika Januari 2014 kwa ndege za abiria. Ndege za mizigo ziliachwa nje, jambo ambalo hadi leo linanishangaza. Kanuni hizo zinadai saa 10 za mapumziko kati ya zamu na zamu, zikiwa na nafasi ya kulala saa 8 mfululizo, na kikomo cha saa 1,000 za kuruka katika siku 365. Ni kanuni nzuri, ila zinaeleza kiwango cha chini kabisa, na saa 10 hizo ni rahisi kuyeyuka.

Usiku mmoja nilimaliza kazi saa 5:40. Gari la hoteli lilifika saa 6:25, mhudumu wa mapokezi hakuwa na chumba tayari, na nilizima taa saa 7:15. Nilitakiwa kuripoti saa 3:40 asubuhi, hivyo nilipaswa kuamka saa 2:20. Hesabu mwenyewe: ni saa saba na dakika tano. Sheria ilinitaka niwaarifu waajiri wangu kwamba sitapata saa zangu 8, na wao wasogeze zamu. Sikuwaarifu. Nilikuwa mgeni kazini, na mkataba wetu haukueleza kama rubani anayejitangaza kuwa amechoka atalipwa safari aliyoikosa au atakatwa. Nilinyamaza kwa hofu ya dola mia chache, nikaruka na abiria sabini nyuma yangu. Sijivunii asubuhi ile. Kwa hiyo, unaposoma makubaliano, tafuta kifungu cha uchovu na uangalie nani anabeba gharama.

Jambo jingine ambalo wageni hatulijui ni kwamba mkataba wa marubani Marekani haufi tarehe yake ikifika. Sheria ya kazi za reli ya mwaka 1926, ambayo mwaka 1936 ilipanuliwa kuyahusu mashirika ya ndege, inataka masharti ya zamani yaendelee kutumika hadi mapya yakubaliwe, na mgomo hauruhusiwi mpaka bodi ya taifa ya usuluhishi iziachilie pande mbili na siku 30 za kutulia zipite. Mazungumzo hayo huweza kuchukua miaka. Nyongeza humezwa na kupanda kwa bei, ilhali kifungu kibaya cha ratiba hubaki na nguvu zake zote.

Kwa sababu hiyo mjadala wa ndani huwa mkali. Nahodha mwenye miaka 62, anayelazimika kustaafu akifika 65, anataka fedha na malimbikizo leo, na sina haki ya kumlaumu. Rubani msaidizi aliye chini kabisa ya orodha ya ukongwe, ambaye kwa muda mrefu atakuwa kwenye zamu za kusubiri simu, anatazama miaka 30 mbele yake. Wote wawili wana kura moja moja. Ushauri wangu ni kuwasikiliza wakongwe kwa adabu, kisha kusoma mwenyewe, kwa kuwa mzee huyo wa heshima hajaishi kwenye zamu ya kusubiri tangu ukiwa shule ya msingi.

Na usidhani kwamba kukataa ni utovu wa shukrani. Novemba 2022 marubani wa shirika la Marekani la United walipelekewa makubaliano yenye nyongeza ya zaidi ya asilimia 14, na asilimia 94 wakayakataa. Mwaka uliofuata waliridhia mengine kwa asilimia 82, safari hii nyongeza ikifikia hadi asilimia 40 katika miaka minne. Mwezi huohuo wa Novemba 2022, marubani wa Kenya Airways waligoma hadi mahakama ikawaamuru warudi kazini, na dai lao kubwa lilikuwa michango ya mwajiri katika mfuko wao wa akiba ya kustaafu.

Kifungu kilichoniumiza mimi kilikuwa na mistari minne. Nilikuwa katika siku ya pili ya mapumziko, nimekalia mbuzi nakuna nazi, simu ikalia, nami nimelelewa kuitika simu. Ilikuwa ofisi ya ratiba. Mkataba ulisema kwamba rubani atakayepatikana siku ya mapumziko anaweza kupangiwa safari ikiwa hakuna mwingine, na mimi, kwa kusema “halo”, nilikuwa nimepatikana. Nazi ile niliikuta siku tatu baadaye imechacha kwenye friji. Kifungu hicho nilikuwa nimekipigia kura ya ndiyo.

Kijana wa Ohio alipiga tena juzi. Safari hii hakuanza na asilimia. Alianza na ukurasa wa 143, akanisomea kifungu cha siku za mapumziko neno kwa neno, kisha akauliza kama neno “anaweza” katika mstari wa pili linampa hiari rubani au linaipa ofisi ya ratiba. Nilimwambia aende nalo hivyohivyo kwenye mkutano wa Jumanne, na asiketi mpaka ajibiwe.