Jibu: RNA fupi isiyotengeneza protini ina kazi gani?

Mkuu, umeuliza RNA (molekuli inayonakiliwa kutoka kwenye DNA) ya herufi 22 hivi, isiyotengeneza protini yoyote, ina faida gani. Mwangalie samaki pundamilia, yule mdogo wa mistari anayefugwa maabara. Yai likisharutubishwa, saa za mwanzo kiinitete kinaendeshwa na RNA za ujumbe, yaani maelekezo ya kutengeneza protini, kilizoachiwa na mama. Kama saa 3 baadaye jeni zake chenyewe zinaamka, na miongoni mwa za kwanza ni za miR-430, mojawapo ya hizo RNA fupi. Hiyo inajibandika karibu na mwisho wa ujumbe wa mama, mkia wa herufi za adenini unaoulinda ujumbe unakatwa, ujumbe unaoza. Mpangaji mpya anatupa vyombo vya aliyehama!

Mwaka 2005 watafiti kina Giraldez na Schier walichunguza viinitete visivyo na Dicer, kimeng'enya kinachokata RNA ndefu kuwa hizi fupi. Ubongo ukakosa umbo. Wakavidunga miR-430 tu, ubongo ukajijenga karibu sawa na kawaida. Mimi hapo ndipo nilipoacha kuziita takataka.

Chura Xenopus ana miR-427, kazi ileile. Binadamu tuna miR-302 kwenye seli shina za kiinitete. Linganisha herufi zao za kunasia, zile zinazoshika ujumbe: zote zina AAGUGC.