Picha Mbili kwa Siku

Mwaka 2021 mimi na mume wangu tulikuwa tumepanga vyumba viwili Ngamiani, mjini Tanga, na tulikuwa tumefikia hali ambayo watu wanaolala kitanda kimoja wanaweza kumaliza siku nne bila kukaa pamoja hata nusu saa. Mimi ni muuguzi. Zamu ya usiku inaponiangukia, hurudi asubuhi wakati yeye ameshatoka kwenda kufundisha, naye akirudi alasiri hunikuta nimelala au ninajiandaa kuondoka. Mazungumzo yetu yalikuwa ni vikaratasi vya mezani: gesi imekwisha, ada ya mtoto, mpigie mama. Jioni moja ya Julai aliniuliza nimeshindaje, nikajikuta sina la kumjibu zaidi ya "salama", kwa sababu kwa kweli sikukumbuka chochote cha siku ile ambacho kingefaa kusimuliwa. Kesho yake, Jumanne ya tarehe 6, tukaanza kupiga picha, kila mmoja picha moja kwa siku, ya jambo lolote lililomo ndani ya siku yake, kisha picha hizo mbili zinawekwa pamoja ili mwenzako aione siku ambayo hakuwepo.

Tangu hapo wanandoa kadhaa tunaofahamiana nao wametaka kufanya kama sisi, na wengi wao wameacha kabla ya mwezi wa pili. Nimeona niandike yale ambayo ningependa nasi tungeambiwa mapema, likiwemo lile ambalo naliona ndilo kubwa kuliko yote, yaani kwamba kazi hii haihusu picha nzuri.

Sisi tumelelewa na picha za studio. Wazazi wetu walikwenda kupigwa picha wakiwa wamevaa nguo za sikukuu, wakasimama mbele ya pazia lililochorwa bustani au baharini, na nyuma ya picha wakaandika "Ukumbusho" na tarehe. Ni utamaduni mkubwa na wa kuheshimiwa. Unguja kuna studio iliyofunguliwa mwaka 1930, Capital Art Studio, ambayo kuta zake zilijaa sura za watu wa vizazi kadhaa. Lakini kwa kuzoea hivyo tumejifunza kwamba picha ni ya harusi, ya Idi na ya mahafali, na siku nyingine zote mia tatu na ushee zinapita bila shahidi. Katika albamu ya mavyaa wangu, mwanamke aliyelea watoto sita, hakuna hata picha moja ya jiko alilowapikia. Alipotuona tumeinamia sufuria na simu, alicheka, akasema, "Mwanangu, hata sufuria nayo siku hizi inapigwa picha?" Nikamwomba anieleze lile jiko lake la Makorora lilikuwaje, akaanza kueleza, akafika kwenye rangi ya mlango akanyamaza, kwa sababu haikumjia.

Kwa hiyo, mnapotafuta cha kupiga, msitafute kilicho kizuri. Tafuteni kitakachoondoka bila kuaga. Bei iliyoandikwa kwa chaki kwenye kibao cha duka, baiskeli ya muuza mikate kabla hajanunua pikipiki, foleni ya ndoo bombani, lundo la machungwa ya Muheza msimu unapofika, mkao wa mtoto anapofanya kazi za shule akiwa bado anatumia penseli. Machweo ya bahari ya Tanga hayana shida, yatakuwepo mwakani. Mwezi wetu wa kwanza una picha kumi na moja za mawingu, na leo hakuna kati yetu anayezifungua.

Kosa la pili la mwezi huo lilikuwa la kutaka picha moja ya nyumba nzima. Kila mmoja alipiga, halafu usiku tukae tuchague iliyo bora. Jambo hilo lilionekana jema, lakini ndani ya wiki mbili lilikuwa limegeuka mashindano, na anayeshindwa analala amenuna, jambo ambalo nasema bila aibu kwa sababu aliyekuwa akinuna ni mimi. Tukafuta uchaguzi. Sasa kila mtu ana picha yake, haijadiliwi, haikosolewi, na ikiwa imetikisika inabaki imetikisika. Kuna Mmarekani aitwaye Jamie Livingston aliyepiga picha moja ya Polaroid kila siku kuanzia tarehe 31 Machi 1979 hadi tarehe 25 Oktoba 1997, siku aliyofariki, ambayo pia ilikuwa siku yake ya kuzaliwa. Zilifika zaidi ya elfu sita. Kilichonivutia kwake ni kamera yenyewe, kwani kila ukibonyeza inatoka karatasi moja iliyokwishalipiwa, na anayetumia kamera ya namna hiyo hana tamaa ya kupiga ishirini ili achague. Simu inatunyima adabu hiyo, ndiyo maana lazima mjiwekee wenyewe.

Jambo la daftari ndilo ambalo wengi hulidharau. Tulinunua kaunta buku la kurasa mia mbili, na kila picha ina mstari wake humo: tarehe, mahali, na sentensi moja ambayo ni lazima iseme kitu kisichoonekana kwenye picha. Hapo pana maana yake. Nina picha ya Novemba 2021 ya ndoo ya bluu iliyowekwa juu ya kigoda. Ukiitazama, ni ndoo. Mstari wake unasema: "Maji hayajatoka siku ya tatu, hii tumepewa na jirani wa mlango wa pili, amekataa kurudishiwa." Jirani yule alihama mwaka uliofuata, na bila sentensi ile nisingejua leo kwa nini niliipiga ndoo. Andikeni bei, andikeni harufu, andikeni aliyekuwa amesimama pembeni nje ya picha, andikeni mlikuwa mmegombana kuhusu nini. Maneno kama "Siku njema" au "Tumefurahi" hayamsaidii mtu baada ya miaka miwili. Na andikeni usiku huohuo, kwa sababu tulipoacha mistari ya wiki moja ijikusanye, tuliandika uongo bila kujua. Tulidai samaki wa picha fulani alikuwa changu, na mavyaa alipoiona akasema hata kipofu angejua kwamba yule ni tasi.

Daftari hilo limewahi kutuamulia jambo zito. Mwaka 2022 tulikuwa tumeanza kujenga, taratibu kama wajengavyo watu wa mishahara, msingi mwezi huu, tofali miezi mitatu baadaye. Katika kumaliza hesabu ya msingi tukamshuku fundi wetu, maana alisema tumeleta mifuko ishirini ya saruji na sote wawili tulikuwa na uhakika kwamba ilikuwa ishirini na sita. Mume wangu alikuwa ameshaanza kutafuta fundi mwingine. Nikafungua picha za wiki ile, nikakuta yake moja ya toroli na mifuko iliyopangwa chini ya mwembe, na mstari wake kwa mwandiko wake mwenyewe: "Leo 12, jana 8, sita zimebaki dukani hadi tulipe." Hatukuwa tumelipa. Saruji ilikuwa bado dukani, na fundi alikuwa mkweli. Tulimfuata kwake jioni hiyo tukamwomba radhi, na yeye ndiye aliyetupaulia nyumba.

Kuhusu mwanga sina mengi, kwa sababu hatuna ufundi mkubwa. Huku kwetu jua la saa sita linasimama kichwani na kumwekea mtu vivuli chini ya macho, kwa hiyo picha ya mtu msubirie saa kumi na nusu au saa kumi na moja, lakini msichelewe, giza letu linaingia upesi. Mtu mweusi akisimama mbele ya ukuta mweupe au dirisha, simu humfanya awe kivuli. Gusa uso wake kwenye kioo cha simu kabla ya kubonyeza, nayo itampimia yeye badala ya ukuta. Ndani ya nyumba zimeni taa ya dari na mmsogeze mtu karibu na dirisha. Basi.

Uhifadhi ndio uliotuumiza. Tulianza mwezi mmoja tu baada ya Google kuondoa nafasi ya bure isiyo na kikomo ya kuhifadhi picha, tarehe 1 Juni 2021, na kubakiza gigabaiti 15 zinazogawanywa pamoja na barua pepe. Sisi hatukujishughulisha nalo. Kila mtu aliweka picha zake kwenye simu yake na kumtumia mwenzake kwa WhatsApp. Machi 2022 mume wangu aliibiwa simu kwenye daladala, na siku 43 zilizokuwa bado hazijanakiliwa popote zikaondoka nayo. Nilizo nazo za siku hizo ni zile alizonitumia, ambazo programu hiyo huzipunguza ukubwa na kuzivua taarifa za ndani kama saa halisi ya kupigwa. Zinatosha kutazama, ila mwaka jana tulipotaka kusafisha moja iwe kubwa ya ukutani, sura ilivunjika vipande vya mraba. Mkilazimika kutumia njia hiyo, tumeni picha kama faili la waraka, hapo inafika kama ilivyo.

Sasa kila Jumapili usiku picha za wiki zinanakiliwa kwenye diski ya nje iliyopo kabatini, na nakala nyingine inapanda mtandaoni. Mara mbili kwa mwaka tunampelekea mdogo wangu Arusha nakala ya tatu kwenye diski yake, kwa sababu simu na diski zilizo chini ya paa moja zinaweza kuungua pamoja. Si mzigo mkubwa kama watu wanavyodhani. Picha ya simu ya kawaida ina megabaiti tatu au nne, na picha mbili kwa siku kwa mwaka mzima ni 730, ambazo hazizidi gigabaiti tatu. Faili tunayapa majina yanayoanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, ili yajipange yenyewe. Pamoja na hayo, kila mwisho wa mwezi tunasafisha nne kwenye karatasi, na hizo ndizo wageni wanazozishika.

Siku zitaruka. Alipofariki baba yangu, Mei 2023, nilikaa siku tisa bila kupiga chochote, na niliporudi nikashawishika kujaza mapengo kwa picha nilizokuwa nimetumiwa na ndugu. Mume wangu alinizuia, akasema tuache wazi. Katika daftari kuna mistari tisa yenye tarehe tu upande wangu. Upande wake kuna picha moja, ya siku ya tatu, viatu vya waombolezaji vilivyojaa kwenye ngazi ya baraza hadi uani, na ameandika idadi yake, jozi 58, kwani alisema hakujua la kufanya na mikono yake akaamua kuvihesabu. Nawashauri mfanye hivyo hivyo: siku iliyokosekana iachwe ikosekane, msiirudie kesho yake kwa kudanganya tarehe, na wala msiifanye kuwa sababu ya kuacha. Wengi wanaoacha huacha siku ya pili baada ya kuruka moja.

Kuna jambo ambalo hatukulitarajia. Baada ya mwaka mmoja nilikaa nikapitia picha zake zote kwa mfululizo, na nikaona kwamba viatu vyangu vyeupe vya kazini vinatokea mara kumi na tisa, vimeanikwa dirishani, mara kwenye mvua za masika vimewekwa karibu na jiko. Nilikuwa nikiamini kwamba anayeviosha ni binti anayetusaidia kazi, na hata nimewahi kumshukuru, naye kwa heshima akanyamaza. Mume wangu hakuwahi kusema. Naye, alipopitia zangu, aliniuliza kwa nini hazina watu. Nilimweleza kwamba nusu ya maisha yangu yamo wodini, na mgonjwa hapigwi picha hata awe ametabasamu na kukuomba. Kwa hiyo ninachopiga kazini ni saa ya ukutani, kikombe changu cha chai, lango lenyewe saa kumi na mbili asubuhi. Tangu siku hiyo hukaa akaniuliza ni nani alikuwa upande wa pili wa kile kikombe, nami humweleza bila kutaja jina. Nadhani mazungumzo hayo yametufaa kuliko picha.

Siku ya 1,000 ilikuwa Jumapili ya tarehe 31 Machi 2024, ndani ya Ramadhani, na tulikuja kuigundua baada ya siku mbili. Picha zake ni bakuli la mihogo ya nazi, na paka wa jirani aliyelala juu ya mkeka wa kuswalia.

Mwisho ni kuhusu mtoto. Binti yetu alikuwa na miaka sita tulipoanza na alikuwa akikimbilia mbele ya kamera. Alipofika tisa akaanza kujifunika uso kwa ushungi. Tulipuuza mara mbili tatu, tukidhani ni mzaha, hadi akaenda kumshitakia bibi yake, naye mavyaa akatuita akatukalisha. Sasa utaratibu ni kwamba picha yake haipigwi kabla hajaulizwa, na zile za zamani ambazo hazitaki amezichagua mwenyewe tukazifuta kwenye nakala zote tatu, ingawa mbili kati yake nilizipenda sana. Wiki iliyopita nilimuuliza, akasema leo hapana, akafunga mlango wa chumba chake. Nikapiga mlango, ambao ni wa kijani, na rangi hiyo nimeiandika.