Ukingo wa nembo huwa umeshashika rangi

Wadogo zangu, leo tena nimeona nembo imewekwa juu ya ukurasa mweusi huku imezungukwa na uzi mweupe. Ukiuliza, unajibiwa: "Lakini kaka, mandharinyuma nimeitoa." Umetoa weupe tu. Kingo hujazigusa.

1. Omba faili la asili, vekta (mchoro wa mistari unaokuzwa bila kuharibika) au lenye leya, yaani matabaka yaliyotenganishwa. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilipewa tovuti ya hoteli, na nembo yake ikaja kama JPEG, aina ya kawaida ya faili la picha, buluu iliyokoza juu ya nyeupe. Nikafuta weupe kwenye Photoshop, nikahifadhi PNG, aina ya faili inayoweza kuwa na sehemu zisizo na rangi. Juu ya ukurasa mweupe ilikaa vizuri. Usiku wa kuamkia uzinduzi mteja akataka sehemu ya juu iwe kijani cha giza. Nikabadili mstari mmoja wa msimbo, nikalala. Asubuhi projekta ikawashwa, na kila herufi ilikuwa na ukungu wa chokaa. Mwenye hoteli hakugomba. Alisogea ukutani, akaweka kidole kwenye mkunjo wa S, akauliza, "Hili ni vumbi?" Nilikosa jibu mbele ya watu wake wote, na aibu ile ninayo hadi leo.

Jioni nikaikuza S ile mara nane. Ndani buluu, nje hakuna kitu, na katikati pikseli (vinukta vinavyounda picha) za buluu iliyofifia, nyingine karibu nyeupe. Hizo ndizo hulainisha mkunjo, nazo zilichanganywa na nyeupe kabla sijaipokea nembo. Zilipaswa kuwa buluu kamili yenye uwazi nusu, yaani inayoacha rangi ya nyuma ipenye. Nilichora nembo upya, herufi kwa herufi, siku tatu.

2. JPEG haina uwazi. Kwenye GIF pikseli ipo au haipo, hakuna nusu. PNG ya alfa, yaani yenye kipimo cha uwazi kwa kila pikseli, ina ngazi 256 za uwazi, itumieni.

3. Nembo ikija kwa WhatsApp, ije kama dokumenti, maana ikitumwa kama picha uwazi unapotea. Mama mmoja muuza vitenge alinitumia yake mara nne, kila mara ina kisanduku nyuma, naye akinisihi, "Mwanangu, mbona huku kwangu haina?" Alikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyechelewa kumweleza.

4. Kabla ya kukabidhi, iweke juu ya nyeupe, nyeusi na waridi kali, kisha ikuze utazame mikunjo. Ukiona uzi, rudi kwenye faili la asili. Usiukwangue kwa kifutio.