MBA usome lini? Mimi niliianza mara mbili

Mdogo wangu, swali lako nimelisoma, nikalirudia. Una miaka 25, shahada ya kwanza ya biashara upande wa uhasibu, mwaka mmoja na nusu wa kazi benki kama keshia, na meneja wako amekwambia bila MBA, yaani shahada ya uzamili ya biashara, huko juu hupandi. Unauliza uombe chuo mwezi wa kumi huu kwa mkopo wa mshahara, au usubiri kwanza. Wengi walionitangulia kukujibu hapa wamekwambia soma ungali mbichi, kichwa bado kinashika. Mimi nilisoma nikiwa mbichi, na kichwa kilishika kweli. Ngoja nikwambie kilishika nini.

Nilimaliza digrii 2009. Nilizunguka na bahasha ya kaki Posta nzima, Kariakoo, Pugu Road, kazi hakuna. Nyumbani kwetu Magu mzee akaona mtoto anapotea mjini, akasema kama kazi hakuna basi ongeza elimu. Akauza ng'ombe watatu. Kwa watu wa kwetu kuuza ng'ombe watatu kwa ajili ya ada si jambo la kufanyia mzaha, kwa hiyo Oktoba 2010 nikaingia darasa la MBA la jioni hapo hapo Dar, bila kuwahi kulipwa mshahara hata wa siku moja.

Darasani tulikuwa kama arobaini. Pembeni yangu alikaa mama mmoja aliyekuwa anasimamia ghala la dawa kwa zaidi ya miaka kumi. Alikuwa anafika saa kumi na moja na nusu amechoka, viatu amevivua chini ya meza, madesa hajasoma. Mimi nilikuwa nimesoma yote na kupiga mstari kwa kalamu ya rangi. Lakini mwalimu akileta kisa cha kampuni iliyokwama, mimi nasema alichosema mwandishi wa kitabu, yule mama anasema, "Hapa aliyekosea ni mtu wa manunuzi, na mkimfukuza ndiyo mtakwama zaidi, maana yeye ndiye anayejulikana na wasambazaji." Mwalimu ananyamaza, anaandika ubaoni. Kwenye mitihani nilikuwa nampita. Sikuwa na sapu, yaani mtihani wa kurudia, hata moja. Kwenye kazi za vikundi mimi ndiye niliyekuwa nachapa, wao wanazungumza. Wakati ule nilijiona nafaidi kukaa na wakubwa. Sasa hivi naona nilikuwa karani wao, na ada nimelipa mwenyewe.

Muhula wa pili ulipoisha ng'ombe nao wakaisha. Nikaacha. Sikudisko, yaani sikufukuzwa kwa kufeli, niliacha tu kimya kimya, na nyumbani sikusema mpaka miezi sita imepita. Mwaka 2011 nikapata kazi ya afisa mauzo kwenye kampuni ya vifaa vya ujenzi. Simenti, nondo, bati, misumari. Hapo chini yangu hapakuwa na mtu hata mmoja. Bosi wangu alikuwa darasa la saba na alikuwa anakokotoa punguzo kichwani haraka kuliko mimi na kikokotoo.

Miaka mitano nikauza. Nitaipita haraka, haina hadithi kubwa, zaidi ya kwamba nilijifunza kusikia mteja anayedanganya kwenye simu.

Julai 2016 serikali ikatangaza kuhamia Dodoma, kampuni ikafungua tawi huko na mimi nikapelekwa kulisimamia. Watu tisa, ghala moja, Fuso mbili. Dodoma ile ilikuwa inajengwa kila kona, na tawi likapaa. Ndani ya mwaka mmoja mauzo yalitoka milioni 180 kwa mwezi mpaka milioni 310. Nikawa napongezwa kwenye vikao. Halafu mhasibu wa makao makuu akaanza kunipigia simu kila Ijumaa na swali moja: "Unauza sana, sawa, pesa iko wapi?"

Sikuwa najua. Nakwambia ukweli, nilikuwa nalala nikiwaza labda kuna mtu ananiibia. Nikahesabu stoo mara tatu kwa mwezi mmoja, nikamshuku mtunza ghala wa watu bure kabisa. Hesabu zilikuwa sawa. Faida kwenye karatasi ipo. Benki hamna kitu, na tunaendesha tawi kwa kukopa.

Nikarudi chuo kwa sababu ya swali hilo, si kwa kutafuta cheo. Chuo kingine sasa, darasa la Ijumaa jioni na Jumamosi kutwa, mwishoni mwa 2017. Wiki ya nne, somo la fedha, mwalimu akachora mstari ubaoni: siku mali inazokaa ghalani, jumlisha siku mteja anazokaa na deni, toa siku msambazaji anazokuvumilia. Nikaifanya ya kwangu nyuma ya daftari hapo hapo. Zamani, tulipokuwa tunawauzia mafundi na wenye nyumba, mali ilikaa siku 30, madeni siku 40, na sisi msambazaji alitupa siku 30. Jibu siku 40. Kila siku tulikuwa tunatoa mali ya kama milioni 5.2, kwa hiyo pesa iliyolala nje ni kama milioni 208. Walipoingia makandarasi wa majengo makubwa mambo yakageuka. Wao hawalipi mpaka cheti chao cha malipo kipite na mwenye mradi awalipe. Madeni yakafika siku 95, ghala siku 35, msambazaji bado siku zile zile 30. Siku 100. Mali tunayotoa kwa siku milioni 9. Piga mwenyewe: milioni 900 ziko kwenye kuta za watu.

Hakuna aliyekuwa ananiibia. Mauzo yenyewe ndiyo yaliyokuwa yanakula pesa, na mimi ndiye niliyekuwa nayashangilia. Jumatatu nilimfuata mtunza ghala nikamwomba radhi. Alicheka tu, akasema alijua.

Tukaweka ukomo wa deni kwa kila mkandarasi, tukatoa punguzo la asilimia 2 kwa anayelipa ndani ya siku 10, nikaenda mwenyewe kwa msambazaji wa nondo kuomba siku 45. Wateja wawili wakubwa walituhama kwa hasira. Miezi minane baadaye zile siku 100 zilikuwa 60.

Sasa sikiliza hili, ndilo lililonifanya niandike uzi mrefu hivi. Likizo ya Desemba nikaenda Magu, kwenye sanduku la bati nikakuta madaftari yangu ya 2010. Fomula ile ile imo, kwa mwandiko wangu, imepigiwa boksi jekundu. Na karatasi ya jaribio imo, swali hilo hilo nimepata 17 kati ya 20. Nilikuwa nimeijua miaka saba. Mwaka mzima nimelala macho Dodoma, dawa iko kwenye sanduku nyumbani kwa mzee, na hata haikunijia kichwani kwamba nishawahi kuisoma, kwa sababu wakati naisoma sikuwa na deni la mtu yeyote la kuiwekea.

Kwa hiyo wanaokuhesabia miaka (subiri mitatu, subiri mitano) mimi siwafuati sana. Miaka mitano unaweza kukaa dirisha lile lile ukahesabu noti zile zile. Kipimo changu ni hiki: je, kuna jambo kazini kwako, lililo mikononi mwako, linaloharibika na wewe hujui kwa nini? Kama lipo, nenda hata kesho. Ukikaa darasani utakuwa unanyang'anya somo, hupewi. Kama halipo, utafaulu vizuri, na utakuwa mimi wa 2010.

Kwako wewe naona bado, na sababu si umri. Keshia anabeba uaminifu mkubwa, lakini hapangi kitu. Omba kuhamia mikopo. Omba hata tawi la wilayani watu wasikokutaka. Ukikaa mwaka mmoja na kitabu cha wakopaji 200, wengine wamechelewesha, mmoja amehama na pikipiki ya dhamana, utakuja hapa na maswali tofauti kabisa. Na kwa kuwa wewe ni mtu wa uhasibu, CPA, ile sifa ya uhasibu inayotolewa na bodi ya wahasibu NBAA, naiona iko karibu zaidi na mkono wako kuliko MBA. Mitihani yao ni Mei na Novemba, unasoma ukiwa kazini, na benki inajua maana yake bila kueleza.

Halafu huyo meneja wako. Kasema "bila MBA hupandi". Muulize kwa adabu nani kwenye tawi lenu alipandishwa kwa MBA miaka hii miwili, na alikuwa anafanya kazi gani kabla. Mara nyingi utakuta alikuwa tayari anakaimu, karatasi ikaja kuhalalisha.

Kuhusu mkopo wa mshahara, hapo ndipo nataka kukukamata mkono. Hukutaja mshahara, tuchukulie 700,000. NSSF inachukua 70,000. Kama ulisoma kwa bumu, yaani mkopo wa wanafunzi, Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15, yaani 105,000. Kodi ya mapato inazidi 40,000. Unabaki na kama 480,000 kabla ya nauli na kodi ya chumba. Kwa kawaida inatakiwa ubaki na angalau theluthi ya mshahara, na benki watakukopesha mpaka ukingo huo huo bila huruma, we si unawajua, ni wenzako. Utakuwa unalipa deni la digrii ya kwanza na la ya pili kwa mshahara wa cheo kile kile.

Mwajiri akikulipia ni nafuu, lakini soma mkataba. Mimi walinilipia nusu ya ada, nikasaini kutumikia miaka mitatu baada ya kuhitimu, au nirudishe yote. Nilisaini kwa furaha, hata ukurasa wa pili sikuugeuza. Mwaka 2021 nikapata kazi nzuri zaidi Mwanza, karibu na wazee, nikaikosa kwa sababu ya ukurasa huo. Sikuwachukia, pesa ni yao. Ila ningejua ningelipa mwenyewe au ningebishania mwaka mmoja.

Jambo jingine ambalo hawakwambii siku ya usajili ni tasnifu. Masomo ya darasani watu wengi humaliza. Wanapokwama ni kwenye utafiti: msimamizi hapatikani, dodoso hazirudi, kazini wamekuhamisha. Sisi tuliingia pamoja na walioishia hapo wakakata tamaa. Mimi nilichelewa karibu mwaka; Machi 2020 vyuo vikafungwa kwa korona, vikafunguliwa Juni, na msimamizi wangu naye akawa na lake. Kilichoniokoa ni kwamba niliandika kuhusu madeni ya makandarasi, takwimu nilikuwa nazo ghalani. Mwenzangu aliyeandika kuhusu mada aliyopewa tu alikuwa anazunguka na madodoso stendi.

Kuna watu ambao kusoma mapema ni sawa, nisije nikaonekana nakataa tu. Anayetaka kufundisha chuo kikuu, mwenye GPA ya 3.8 na kuendelea, huyo asichelewe. Ngazi yake inaanzia darasani. Aliyepata ufadhili kamili, aende, mtu haachi chakula kilichopakuliwa. Mtumishi wa umma asubiri athibitishwe kazini kwanza na apate ruhusa ya masomo kwa maandishi, la sivyo anarudi na cheti ambacho ofisi yake haina pa kukiweka. Na kuchelewa pia si kosa. Darasani kwetu Dodoma alikuwapo mzee wa miaka 54, mtumishi, anastaafu karibuni, watoto wa darasa wakamwita "babu". Yeye alikuja na hesabu za mashine ya kukoboa mpunga anayotaka kuifunga kwao Ifakara. Kila somo analigeuza lizungumzie mpunga. Sidhani kama kuna aliyefaidi ada yake kuliko yule.

Wale wanaosema "soma kabla hujaolewa", sitawajibu kwa ukali, wanaona wanayoyaona majumbani. Lakini yule mama wa ghala la dawa alikuwa na watoto watatu, na nimesikia alimaliza kwa wakati. Wanaume wasio na mke ndio tulioacha.

Ukiwa umeshaamua kwenda, sawa, hukosei sana. Ila kabla ya kulipa awamu ya kwanza nenda pale chuoni Jumamosi moja, kaa nje ya darasa mpaka mapumziko ya chai, uwaulize wawili watatu wanafanya kazi gani. Kama wote ni wahitimu wa juzi kama wewe, hakuna mama wa ghala humo wa kukukosoa.

Halafu rudi utuambie uko tawi la mjini au la wilayani, na kama wameshakugusisha upande wa mikopo. Hapo nitakujibu vizuri zaidi. Leo ni tarehe ya kuhesabu stoo, vijana wananisubiri na funguo.