Rangi ya kava la saidimira inabanduka

Ndugu yangu, umesema ulipuliza kava la saidimira na baada ya wiki mbili rangi ikabanduka kama ganda la kiazi. Kosa si la rangi. Geuza kava utazame kwa ndani: ukiona herufi PP, hiyo ni plastiki ngumu kushika rangi, lazima ianze praima maalumu ya plastiki, yaani rangi ya chini inayosaidia rangi kushika. Ikiandikwa ABS, kazi ni nyepesi.

Osha kwa sabuni ya vyombo, hasa kama gari lilipakwa nta. Kisha msasa namba 400, halafu 600 wenye maji, mpaka mng'ao wote ufe. Futa kwa spiriti, usiguse tena kwa vidole. Thina iache, mimi iliwahi kunilainishia kava likawa kama ubani uliotafunwa.

Puliza rangi nyembamba, mara tatu au nne, ukingoja dakika kumi hivi kila mara. Na usifanyie uani kando ya barabara ya murram. Hapa Kampala boda moja tu ikipita, umepaka vumbi. Mvua ikinukia, ahirisha. Mwishoni puliza klia, ile rangi ya uwazi ya juu.