Mwanangu, uliniuliza nani anaona leo kwa sababu yangu

Mwanangu mpendwa,

Juzi tukiosha vyombo uliniuliza: "Mama, miaka yote hiyo ya maabara, kuna hata mtu mmoja anayeona leo kwa sababu yako?" Nikanyamaza, ukadhani nimekasirika. Sikukasirika. Nilikuwa nawatafuta kichwani, na sikumpata hata mmoja wa kumtaja kwa jina.

Retina ni utando wa nyuma ya jicho, unene wake haufiki nusu milimita. Ndiyo inayopokea mwanga na kupeleka habari kwenye ubongo. Ya panya huikata mikato minne chini ya hadubini, kisha naitandaza juu ya kioo kama ua la petali nne. Mkono ukitetemeka kidogo tu, inakunjika na kazi ya asubuhi nzima imekwenda. Ikishapakwa rangi mishipa ya damu hung'aa, nami nahesabu: huu mzima, ule unavuja.

Mwaka 1971 daktari wa upasuaji Mmarekani, Judah Folkman, aliandika kwamba uvimbe wa saratani hauwezi kukua bila kujiitia mishipa mipya ya damu. Wengi walimpinga. Mwaka 1989 mwanasayansi Napoleone Ferrara na wenzake wakaitambua protini inayotoa mwito huo, VEGF. Ikaja kuonekana kwamba hata retina iliyokosa oksijeni, kama ya mgonjwa wa kisukari, huita vivyo hivyo. Kwa baadhi ya wazee mishipa hiyo dhaifu huota chini ya kitovu cha retina, ikavuja: mtu anaona mlango na dirisha, lakini uso wa anayezungumza naye haupo. Mwaka 2006 dawa ya kuizuia VEGF, ranibizumab, iliidhinishwa Marekani. Kabla yake tulichoweza, kwa wengi, ni kuchelewesha upofu. Katika utafiti mkubwa wa dawa hiyo, takriban theluthi moja ya waliochomwa sindano ya dozi kamili jichoni kila mwezi walisoma mistari mitatu zaidi ya herufi baada ya mwaka mmoja.

Hesabu mwenyewe, tangu andiko la Folkman hadi dawa hiyo: miaka 35. Humo katikati kuna watu wengi sana waliohesabu mishipa kama mimi.

Na kuna jambo sikuwahi kukwambia. Ule wakati ulipokuwa na mitihani nami narudi usiku umeshalala, nilikuwa nafuatilia molekuli niliyoamini kwa moyo wote kwamba ingeziba mishipa inayovuja. Miaka mitatu. Haikuziba kitu. Nililia ndani ya gari, kisha nikaandika matokeo yale kama yalivyo, nikayachapisha. Baadaye maabara nyingine ikaniandikia: walikuwa karibu kuanza njia hiyohiyo, wameiacha. Barua ile ninayo bado. Miaka niliyoikosa nyumbani hairudishi, najua, na kwa hilo naomba radhi.

Mwaka jana daktari mwenzangu aliniita kliniki. Bibi mmoja aliyekuwa akisubiri sindano ya jicho alinishika mkono akasema, "Dawa inanisaidia, mwanangu, ila kila mwezi nachoka, na anayenileta naye anachoka." Tangu siku hiyo nashughulikia dawa ya kutoka kidogo kidogo, ikae ndani ya jicho muda mrefu zaidi.

Alhamisi natandaza retina za kwanza za panya waliopewa dawa hiyo. Njoo mapema nikuonyeshe, rangi ikiwa bado haijafifia.

Mama yako