Najua PHP tu, kazini wanataka Go

SWALI: Shikamoo kaka. Mi nimejifunza kuandika programu mwenyewe kwa bando za usiku, mwaka wa nne huu napiga lugha ya PHP, sasa bosi kasema mfumo mpya unaandikwa kwa lugha nyingine, Go, na nna miezi miwili. Nikirudi home nimechoka, video naangalia zote ila nikikaa kuandika kichwa cheupe. Nifanyeje? – Msomaji, Mwanza

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Video punguza, zinakupa raha ya kuelewa halafu basi. Chukua kitu ulichowahi kuandika kwa PHP, mfano ile skripti ya kusoma faili la mauzo na kujumlisha, iandike upya kwa Go, kazi yenyewe si unaijua tayari, kinachokusumbua kitakuwa lugha tu.

Pa kukwama napajua. PHP ukijumlisha "5" na 5 inakupa 10 bila maneno, Go inagoma hata kukompaili (kugeuza kodi iwe programu ya kuendeshwa), na ukitangaza variabo ndani ya fankisheni usiitumie inagoma vilevile (mi hili liliniudhi wiki nzima aisee). Halafu hamna try na catch za kudaka makosa kama kwenye PHP, kosa linarudishwa kama thamani ya kawaida, utaandika if err != nil (yaani "kama kuna kosa") mpaka vidole viume. Zile gorutini (za kuendesha kazi nyingi kwa pamoja) ziache kwanza. Uzuri lugha yenyewe ndogo, ina maneno maalumu 25 tu.

Usiku umechoka, so jaribu nusu saa alfajiri, na bosi mwombe akupe kakazi kadogo ka huo mfumo mapema, usisubiri miezi iishe.